Joto Chini ya Bati

Vijiji vingi sasa vina nyumba za bati. Bati halivuji kama nyasi, wala halishiki moto. Lakini ingia katika chumba cha mafundi cherehani saa nane mchana, mwezi wa Februari. Utaona jasho linadondoka juu ya kitambaa. Mshono unakwenda upande. Fundi anafumua, anashona tena. Watu husema, "Mafundi hawa ni wavivu." Si kweli.

Mwili wa mtu mzima una joto la digrii 37 hivi. Joto likizidi, mwili hutoa jasho. Jasho likikauka, ngozi hupoa. Mahali pasipo na upepo jasho halikauki vizuri. Pwani ni vigumu zaidi, maana hewa yenyewe ina unyevu. Hapo moyo hufanya kazi nyingi ya kupoza mwili, na nguvu za kazi hupungua. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilieleza kwamba joto la digrii 33 au 34 laweza kumpunguzia mfanyakazi nusu ya uwezo wake, hata kama kazi yenyewe si nzito sana.

Tufanye nini? Bati hupokea jua, kisha hushusha joto vichwani mwetu. Wekeni dari, hata ya mikeka. Acheni nafasi kati ya dari na bati, na matundu juu ya ukuta ili hewa ya moto itoke. Madirisha yawe pande mbili, upepo uingie huku na utokee kule. Dirisha moja halitoshi. Mkijenga nyumba mpya, kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni litapiga kuta fupi. Pandeni pia mti wa kivuli upande wa magharibi. Gharama yake ni kuumwagilia tu.

Pasi ya mkaa ikae barazani. Ndani huongeza joto, na cheche yake yaweza kuunguza dari ya mikeka.

Mwenzenu akipata kizunguzungu, mpelekeni kivulini, mpepeeni, mpeni maji ya kunywa. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akizimia, msimnyweshe kitu. Mlowesheni maji mwilini na mumpeleke zahanati mara moja.

Huko Njombe na Makete shida ni nyingine. Mwezi wa Juni na Julai vidole hufa ganzi, na uzi hauingii katika tundu la sindano. Wengine huingiza jiko la mkaa ndani, wakafunga mlango na madirisha. Hiyo ni hatari kubwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia, asiamke tena. Oteni moto nje, vaeni sweta, ndipo mwingie kazini.