Bustani ya Nyumbani: Mbegu ya Kiangazi

Mwezi wa Mei masika huelekea kwisha, na kiangazi hakimngoji mtu. Katika tuta la mchicha, msichume mashina yote. Yaacheni manne yaliyo na nguvu kupita mengine, yakomae hata mbegu ziwe nyeusi. Zianikeni, mzitie katika chupa kavu. Wakati wa kupanda, zichanganyeni na mchanga mkavu, kwani ni ndogo mno, zisianguke pamoja. Jioni limwagieni tuta maji yaliyooshewa mchele, nanyi mtachuma baada ya majuma 4. Mboga hiyo huupa mwili vitamini A. Mtoto aikosaye aweza kushindwa kuona jua likichwa. Basi amalizaye mchicha wote leo, amewanyima watoto wake mboga ya kiangazi.