Taulo za kike: Kodi ilifutwa, bei ikabaki

Mwezi Juni mwaka 2019, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania, Dakta Philip Mpango, aliliambia Bunge mjini Dodoma kwamba serikali inarejesha Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye taulo za kike. Msamaha huo ulikuwa umedumu mwaka mmoja tu. Sababu iliyotolewa ni kwamba bei haikushuka. Nafuu iliishia kwa wafanyabiashara.

Hoja hiyo ina ukweli wake. Kodi hiyo ni asilimia 18, lakini kuifuta peke yake hakumlazimishi mwagizaji wala mwenye duka kupunguza bei. Hata Uingereza, iliyofuta kodi kama hiyo mwezi Januari mwaka 2021, ilibainika baadaye kwamba sehemu kubwa ya nafuu ilibaki kwa wauzaji. Kinachozua maswali ni hatua iliyofuata. Aliyekataa kupunguza bei ni mfanyabiashara, lakini aliyenyang'anywa msamaha ni msichana. Badala yake, viwanda vipya vya taulo hizo vilipunguziwa kodi ya mapato kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili. Kwa maneno mengine, nafuu ilikwenda tena kwa mwenye mali.

Kenya ilifuta kodi hiyo mapema zaidi, mwaka 2004. Hata hivyo, mwezi Juni mwaka 2017 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitia saini sheria inayoitaka serikali kuwapatia bure sodo wasichana waliobaleghe katika shule za umma. Kama kufuta kodi kungetosha, sheria hiyo isingehitajika.

Tatizo linaanzia nyumbani, kabla ya kufika dukani. Katika kaya nyingi za Afrika Mashariki fedha hushikwa na baba, na hedhi ni neno ambalo binti halitamki mbele yake. Unga huombwa, sukari huombwa, hata vocha ya simu huombwa. Kisichotajika hakipangiwi fedha. Mama, ambaye angeweza kuelezwa, mara nyingi hana senti yake mwenyewe. Na hata pakiti inaponunuliwa, muuzaji huifunga kwa gazeti kama bidhaa ya magendo.

Asiyeweza kununua hurudi kwenye kipande cha kanga kuukuu. Kitambaa chenyewe si kibaya, kikifuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Lakini nani atakianika uani, mbele ya kaka na wageni? Hufichwa mvunguni mwa kitanda, kikavaliwa kikiwa na unyevu, na hapo ndipo aibu huzaa maradhi. Huko pwani, zamani mambo haya yalikuwa kazi ya somo, aliyemfunda mwali bila kuficha neno. Shule ilichukua muda wa mwali lakini haikuichukua kazi hiyo, na shule nyingi hazina hata maji chooni.

Aibu hiyo haiwakumbi maskini peke yao. Mwezi Februari mwaka 2023, Gloria Orwoba, wakati huo akiwa seneta, aliingia katika Seneti ya Kenya akiwa amevaa suti nyeupe yenye doa jekundu. Baadhi ya wenzake walilalamika, na spika akamtaka atoke akabadili nguo. Sheria ya sodo za bure ilikuwa imekwishatimiza zaidi ya miaka mitano.