Sinema, Rushwa na Jina la Karani



Imekuwa desturi siku hizi, mahali po pote wakutanapo watu, kumsikia mtu akizihukumu kazi za Serikali kwa ushahidi wa sinema. Hajapata kulifungua daftari la ofisi, wala hajasoma taarifa ya mkaguzi wa hesabu. Lakini jana usiku ameitazama picha katika televisheni au simu ya mkononi, na ndani yake waziri amewaua wenziwe kwa ajili ya fedha, mkuu wa polisi amenunuliwa, na karani anachoma faili. Asubuhi, akiambiwa kwamba hati yake haijawa tayari, moyo wake umekwisha kukata shauri: hawa wote ni wale wale. Jambo hili latuhusu sisi kuliko wengine, maana anayesimama mbele ya raia pale dirishani si waziri, ni karani. Yatupasa tulitazame kwa utulivu, tujue sinema husema kweli wapi, na hupotosha wapi.

Kwanza tuseme wazi kwamba watungaji wa visa hivyo hawakuizua rushwa. Sinema iitwayo Z, iliyotengenezwa na Costa-Gavras mwaka 1969, imetokana na mambo yaliyotukia kweli katika nchi ya Ugiriki. Mwezi wa Mei 1963, katika mji wa Thessaloniki, mjumbe wa Bunge aliyeitwa Grigoris Lambrakis alishambuliwa na watu waliokuwa katika gari la magurudumu matatu alipokuwa akitoka mkutanoni, akafa baada ya siku chache. Wakuu wa polisi walisema ni ajali ya barabarani. Hakimu mchunguzi, Christos Sartzetakis, hakuridhika. Aliwahoji mashahidi, akayapima maneno yao, hata ikaonekana kwamba maofisa wa polisi wenyewe walikuwa na mkono katika jambo lile. Wanajeshi waliotwaa serikali mwaka 1967 walimwondoa kazini, kisha wakamtia gerezani. Na sinema ile wakaipiga marufuku mpaka utawala wao ulipoanguka mwaka 1974. Walakini mwaka 1985 hakimu huyo alichaguliwa kuwa Rais wa nchi yake. Basi asitokee mtu katika chama chetu kusema kwamba dawa ya sinema za namna hii ni kuzikataza. Waliowahi kuzikataza walikuwa na la kuficha.

Lakini sinema ina haja zake. Ina muda wa saa mbili tu, nayo haiwezi kuwaonyesha watazamaji watu mia wakifanya kazi kwa miaka miwili. Kwa hiyo huchagua mwovu mmoja na shujaa mmoja au wawili, na wengine wote huwaacha gizani. Hapo ndipo kweli inapopunguzwa.

Mfano mzuri ni All the President's Men ya mwaka 1976, ambayo kwa hakika ni mojawapo ya zile zilizojitahidi sana kuifuata kweli. Kisa chake ni kile cha Watergate. Watu wengi walioitazama hudhani kwamba waandishi wawili wa gazeti la Washington Post ndio waliomwangusha Rais Nixon. Waandishi wale walifanya kazi kubwa, wala hatuwanyimi sifa yao. Walakini hebu tuwahesabu na wengine. Usiku wa tarehe 17 Juni 1972 mlinzi wa usiku, Frank Wills, aliona utepe umebandikwa mlangoni ili kufuli lisishike. Akaubandua. Aliporudi akaukuta umebandikwa tena, aliwaita polisi, na watu watano wakakamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic. Ikaonekana hundi ya dola 25,000, iliyotolewa kusaidia uchaguzi wa Nixon, imeingia katika hesabu ya benki ya mmoja wa watu wale. Mwezi wa Julai 1973 Alexander Butterfield, aliyekuwa msaidizi katika ofisi ya Rais, alipoulizwa na kamati ya Senate alijibu kweli kwamba mazungumzo ya ofisini mle yalikuwa yakinaswa kwa mashine. Tarehe 24 Julai 1974 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru kwa kauli moja kwamba kanda zile zitolewe. Na tarehe 9 Agosti Nixon akaacha kazi.

Sehemu kubwa ya mambo hayo haimo katika sinema, kwa kuwa kisa chake hukoma mapema mwaka 1973, na yaliyobaki hupitishwa upesi kwa mistari michache ya mashine ya habari. Hata lile shauri mashuhuri la kuifuata fedha, ambalo watu hulitaja kana kwamba lilitoka kinywani mwa mtoa habari wa siri, halimo katika kitabu cha waandishi wale. Lilitungwa kwa ajili ya sinema. Na mtoa habari mwenyewe, kama ilivyojulikana mwaka 2005, alikuwa Mark Felt, mtu wa pili kwa cheo katika idara ya upelelezi, FBI. Ndiyo kusema uovu ule ulifichuliwa na mlinzi, na hundi, na mahakimu, na watumishi waliosema kweli walipoulizwa, pamoja na waandishi. Haukufichuliwa na mashujaa wawili peke yao.

Je, upungufu huo wadhuru nini? Wadhuru. Mwaka 1991 Oliver Stone alitoa sinema iitwayo JFK, juu ya kuuawa kwa Rais Kennedy mwaka 1963, nayo ilionyesha kwamba wakubwa ndani ya serikali yenyewe walishiriki katika njama ile. Kwa upande mmoja ilileta faida: mwaka 1992 Congress ilipitisha sheria ya kukusanya na kufungua hati za mauaji yale, na mamilioni ya kurasa yamewekwa mbele ya watu. Kwa upande wa pili, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwauliza watu waliokuwa wakingoja kuingia na watu waliokwisha kutoka. Taarifa yao, iliyotolewa mwaka 1995, yasema kwamba waliotoka walikuwa na hasira zaidi, wakiziamini njama zaidi. Lakini nia yao ya kupiga kura au kuchangia mambo ya siasa ilikuwa imepungua.

Hapo, ndugu zetu, ndipo penye hatari. Mtu amekasirika, na hasira yake imemlegeza mikono. Akiisha kuamini kwamba mkono mmoja mkubwa uliofichika ndio unaotawala kila kitu, haoni faida ya kudai stakabadhi ya shilingi zake chache. Na rushwa tunayoijua sisi haifanani na ile ya sinema. Haina bunduki wala magari yanayokimbizana. Ni sahihi iliyotiwa bila kusoma, ni zabuni iliyofunguliwa kabla ya saa yake, ni faili lililowekwa chini ya mengine mpaka mwenyewe atoe kitu. Raia anayelitazama jitu gizani hamwoni panya ghalani.

Tena hatari hiyo haikomi kwa raia. Yuko kijana aliyeajiriwa juzi, naye huzitazama sinema zile zile. Akiisha kushika kwamba wakubwa wote hula, siku moja atajiuliza: mimi ni nani nisile? Samaki mmoja akioza, huoza wote. Lakini yuko na samaki aozaye kwa kuambiwa tu kwamba wenziwe wamekwisha kuoza.

Basi tufanyeje? Kumgombeza raia kwa kutushuku hakufai. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Linalofaa ni kumpa kitu cha kutazama kilicho na nguvu kuliko picha. Hati ikichelewa, aambiwe sababu, na siku ya kurudi. Akilipa, apewe stakabadhi kabla hajaiomba, na kiasi cha ada kibandikwe ukutani apate kukisoma mwenyewe. Mkaguzi akiuliza, ajibiwe kweli, hata kama kweli hiyo yamgusa mkubwa. Na matawi yetu yakipata nafasi, yawakusanye vijana waitazame mojawapo ya sinema hizi, kisha pawe na mazungumzo: ni nani katika kisa hiki aliyefanya kazi yake sawasawa, na sinema ikamsahau?

Watungaji wa sinema hawatamtafuta karani aliyeandika hesabu yake sawa kwa miaka thelathini, kwa maana hakuna wa kulipa kiingilio ili amtazame. Lakini siku mambo makubwa yatakapofika barazani, kitakachoulizwa ni daftari lake.

MHARIRI