Kwani kushangaa nako kuna wenyewe?

Jamani, leo nimekasirika kidogo, mnivumilie.

Ndugu yangu mmoja wa Malampaka, kule Maswa, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wake arobaini, kaona kwenye simu picha za mianga ya kaskazini, ile ya kijani inayocheza angani kule Tromsø, Norway. Akauliza: nauli shilingi ngapi? Watu wakacheka hadi machozi. Eti Msukuma afunge safari kufuata mwanga kwenye barafu!

Mimi sikucheka. Tukakaa tukapanga. Msimu ni Septemba hadi Machi, usiku ukiwa mrefu. Katikati ya Desemba jua halichomozi kabisa Tromsø. Chembe kutoka kwenye jua hugonga hewa ya juu, na oksijeni ndiyo inayotoa ule ukijani. Makoti mazito yamejaa mnadani, mitumba hiyo, yatakuwa yanarudi kwao tu.

Tukafika kwenye viza ya Schengen. Ada tangu Juni 2024 ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Bima ya kufidia matibabu ya angalau euro 30,000. Taarifa za benki. Ushahidi kwamba utarudi nyumbani. Sasa ng'ombe arobaini watoe wapi taarifa ya benki? Na shamba la urithi lisilo na hati litathibitisha nini?

Mnorway je? Anashuka uwanja wa Kilimanjaro, analipa dola 50, anapewa viza palepale, huyoo Serengeti kutazama nyumbu. Hakuna anayemdai hati ya shamba. Na asidaiwe, karibu sana! Ila mshangao wake unaitwa utalii, wa kwetu unaitwa mbinu ya kuzamia.

Najua mtaniambia wapo waliozamia kweli. Sikatai. Kila nchi ina haki ya kufunga mlango wake. Lakini ukinifungia mlango, nirudishie hela yangu! Anayekwenda analipa, na aliyeachwa Malampaka naye analipa yaleyale. Hiyo haki gani?

Serikali yetu ikikaa mezani na Wazungu kuzungumzia utalii, iulize na hili. Tusiishie kuomba waje tu.

Nanyi mliocheka, nani kawaambia macho ya kushangaa wamepewa Wazungu peke yao? Viza ya kwanza mmemnyima nyinyi, kabla hata ubalozi haujaiona fomu yake.

Naomba kutoa hoja.