Wavivu Gani Hawa Wanaoamka Saa Kumi?

Kuna imani moja ambayo huwezi kuikwepa ukiishi Nairobi. Utaisikia mazishini mwanasiasa akipewa kipaza sauti, kanisani mchungaji akihimiza bidii, redioni asubuhi, hata kwa kinyozi. Kwamba kazi zimejaa, ila vijana wa siku hizi wanachagua. Kwamba mtu wa Mathare au Mukuru ni maskini kwa kuwa hataki kutoa jasho, na mchagua jembe si mkulima. Anayesema hivi huwa na ushahidi wake tayari: juzi alipita Eneo la Viwanda akawaona wanaume wazima wamekaa ukutani saa nne asubuhi, mikono mifukoni, wakitazama magari.

Nasema ni uongo, tena uongo wenye faida kwa wanaoueneza.

Tuanze na hao wa ukutani. Kibarua anayetafuta kazi viwandani hutoka nyumbani saa kumi alfajiri. Kama anaishi Kibera, hufuata reli kwa miguu. Akiwa wa Mukuru, ni afadhali, kwani mtaa wenyewe umegusana na viwanda. Takriban asilimia 40 ya safari zote za jiji hili hufanywa kwa miguu, na wengi wa hao watembeao hawafanyi mazoezi. Nauli ya kwenda na kurudi ingemaliza unga wa jioni. Saa kumi na mbili anakuwa amefika getini, barabara ya Lunga Lunga au Enterprise, pamoja na wenzake wengi. Msimamizi anatoka, ananyosha kidole: wewe, wewe, na wewe kofia nyekundu. Geti linafungwa.

Waliobaki hawaendi nyumbani, na hapo ndipo mpita njia anapokosea. Wanakaa kwa sababu saa mbili huenda lori likaja likahitaji wa kupakua, au mmoja wa walioingia akaumia mkono akatolewa. Kungoja ni sehemu ya kazi, ila ni sehemu isiyolipwa. Ikifika saa nne, mtu huyo amekuwa kazini kwa saa sita, kwa maana yoyote ya kazi isipokuwa ile ya kupokea pesa. Wewe uliyetoka kitandani saa moja unampita na gari ukisikitika jinsi vijana walivyooza.

Ndivyo ilivyo pia kwa kina mama wa kufua. Wanatoka Mathare kukiwa bado giza, wanavuka hadi Eastleigh, wanakaa kando ya ukuta wakingoja mwenye nyumba ateremke ghorofani akawaite. Anayeitwa anapatana bei ya rundo la nguo akiwa hajaliona. Asiyeitwa anarudi nyumbani mchana na deni jipya dukani. Katika hadithi hii uvivu uko wapi? Mimi nautafuta siuoni.

Sasa takwimu, maana wapo watakaosema hizi ni hisia. Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, liliripoti kwamba katika robo ya mwisho ya mwaka 2022 waliokosa ajira walikuwa asilimia 4.9 ya nguvukazi ya nchi. Shirika hilohilo lilisema Wakenya waliokuwa chini ya mstari wa umaskini mwaka huohuo walikuwa asilimia 39.8. Weka tarakimu hizo mbili pamoja. Kama umaskini ungekuwa zao la kukaa bure, zingekaribiana. Zimeachana kwa sababu mtu aliyefanya kazi hata saa moja kwa wiki, kwa malipo yoyote, huandikwa kuwa ana ajira. Yule mama aliyefua rundo moja Jumanne ana ajira. Muuza njugu wa Muthurwa ana ajira. Serikali hujivunia kwamba mwaka 2023 zilipatikana nafasi mpya za kazi zipatazo 848,000. Ukisoma ukurasa unaofuata unakuta 720,000 hivi kati yake ni za jua kali. Kwa hiyo kazi zipo, wahubiri wa bidii wamesema kweli hapo. Watu wanazifanya, na bado wanalala njaa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilileta Kenya jopo la wataalamu wakiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly wa Chuo Kikuu cha Sussex. Walikuja kuchunguza ukosefu wa ajira. Wakakuta kwamba shida kubwa zaidi ilikuwa ya watu wanaofanya kazi kutwa, tena kazi ngumu, na kipato chao hakiwatoi katika umaskini. Ripoti yao ndiyo iliyoueneza duniani usemi wa sekta isiyo rasmi, na mafundi wa Nairobi ndio waliokuwa mfano. Imepita zaidi ya nusu karne. Marais watano wameikalia nchi hii tangu uhuru, na bado tunawaambia wajukuu wa mafundi wale kwamba dawa yao ni kuamka mapema.

Anayedhani vijana wanachagua kazi akumbuke Kazi Mtaani. Aprili 2020, korona ilipofunga jiji, serikali ilianzisha mpango wa kuwalipa vijana wa mitaa ya mabanda wazibue mitaro, wafyeke, wazoe taka. Awamu ya pili iliyoanza Julai ililipa shilingi 455 kwa siku, kwa zamu, si kila siku ya mwezi. Hiyo ni kazi ya kuingia mtaroni hadi magotini. Zaidi ya vijana 270,000 waliingia kote nchini. Malipo yalipochelewa, malalamiko yao yalikuwa kwamba wamefanya kazi na hawajalipwa. Sikumsikia hata mmoja akilalamika kwamba mtaro unanuka.

Lakini twende juu kidogo, tumchukue mwenye bahati. Kanyoshewa kidole, kaingia, kaandikwa kwa barua, na mwajiri wake ni muungwana anayefuata sheria hadi nukta ya mwisho. Tangu Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida jijini ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ongeza marupurupu ya nyumba ya asilimia 15, unapata 18,530. Toa asilimia 6 za NSSF, 2.75 za bima ya afya, 1.5 za ushuru wa nyumba. Anabaki na takriban 16,630 mkononi.

Ana mke, mtoto wa miaka tisa, na mwingine wa miaka mitatu. Katika utafiti wake wa mwaka 2015/16, KNBS iliweka mstari wa umaskini wa mjini kuwa shilingi 5,995 kwa mtu mzima kwa mwezi. Mtoto wa miaka tisa huhesabiwa kama 0.65 ya mtu mzima, yule mdogo kama 0.24. Piga hesabu: nyumba hii inahitaji shilingi 17,325 ili isiitwe maskini. Baba hajafika. Na angalia ujanja uliomo: nimetumia mshahara wa 2024 na bei za 2016. Nani kati yetu ananunua unga kwa bei ya 2016? Yaani mfanyakazi wa kudumu, mtiifu, asiyekosa siku, kwa mwajiri asiyeiba hata senti, ni maskini kwa kipimo cha serikali yake mwenyewe. Akiongeza bidii ataongeza nini? Saa za siku ni zilezile.

Utaambiwa Nairobi ndiyo kaunti yenye afueni kuliko zote 47. Ni kweli, utafiti huohuo uliipa asilimia 16.7 ya maskini, kiwango cha chini kabisa nchini. Katika jiji la watu zaidi ya milioni nne, hiyo ni watu zaidi ya 700,000, na mstari wenyewe ni kama shilingi 200 kwa siku. Mwenye 210 amehesabiwa kuwa amevuka.

Na wengi hawana hata huyo mwajiri muungwana. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja, au kazi ambayo kwa jumla haitarajiwi kuisha kabla ya miezi mitatu, si kibarua tena. Anapata haki za mwajiriwa wa mkataba, likizo zikiwemo. Waulize mafundi wa mjengo na wapakiaji wa godauni. Mtu husimamishwa siku chache kabla mwezi haujatimia, akapumzishwa, akaitwa tena kama mgeni. Kuna watu wamekuwa vibarua wa geti moja hadi watoto wao wakaja kusimama kwenye geti lilelile. Sheria ipo, imeandikwa vizuri, na haina mtu wa kuitembeza. Mimi sijawahi kumsikia mhubiri wa bidii akimhubiria mwajiri anayeivunja.

Matumizi nayo yana dhuluma yake. Mtungi wa maji wa lita 20 mitaani huuzwa shilingi tano siku ya kawaida, na maji yakikauka bei hupanda mara mbili, mara tatu. Shilingi tano kwa mtungi ni shilingi 250 kwa mita ya ujazo, bei ambayo nyumba ya kawaida yenye bomba Lavington hailipi hata ukijumlisha ada ya maji taka. Mafuta ya kupikia hununuliwa kwa kupimiwa, sukari kwa vifuko, stima kwa jirani aliyejiunganishia. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulipoanza 2012 ulitoza asilimia 7.5 kwa siku 30; mwenye akaunti nono benki angeshtuka akiambiwa ndiyo riba yake ya mwezi. Maskini wa jiji hili ananunua kila kitu kidogo kidogo na ghali, kwa sababu ujira wake nao huja kidogo kidogo. Kisha anaambiwa hajui kuweka akiba.

Imani hii ya uvivu ingekuwa porojo tu za kinyozi kama isingezaa sera. Imezaa semina za kubadilisha fikra za vijana. Imezaa mafunzo ya ujasiriamali juu ya mafunzo ya ujasiriamali, kwa watu ambao wamekuwa wajasiriamali tangu wakiwa na miaka 12 kwa kukosa njia nyingine. Novemba 2022 ikazaa Hazina ya Hustler, ambayo mkopo wake wa chini kabisa ni shilingi 500, wa kulipwa kwa siku 14. Riba yake ni nafuu, sikatai. Lakini mtu ambaye shida yake ni ujira mdogo hakosi wa kumkopesha. Kila muuza duka mtaani anamkopesha. Imezaa pia bima ya afya inayomtaka mama mboga alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, angalau shilingi 3,600, kana kwamba pesa zake humjia kwa mwaka. Waliobuni mpango huo bila shaka hulipwa kwa mwezi.

Hapa mwenye kiwanda huinua mkono: mkinilazimisha kupandisha mishahara nitafunga, nihamie Ethiopia. Hoja hiyo ina uzito wake kwa mshona nguo za kuuza ng'ambo, na sitaipuuza. Lakini mlinzi wa geti la ghorofa ya Kileleshwa atahamishiwa Ethiopia vipi? Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, mamlaka inayosimamia kampuni za ulinzi iliagiza walinzi wa Nairobi walipwe angalau shilingi 30,000. Kelele zilipigwa kana kwamba imetolewa amri ya kugawa mashamba. Ukiichambua, mamlaka haikubuni chochote kipya: ni mshahara wa msingi, marupurupu ya nyumba, na malipo ya saa za ziada kwa mtu anayesimama saa 12 kwa zamu. Kampuni zilikataa, na wateja wao, yaani wapangaji na wenye maduka na makanisa yenye kuta ndefu, hawakuonekana kuwa na haraka ya kulipa zaidi.

Ndiyo maana nikasema uongo huu una faida. Umaskini wa Nairobi haukai mbali huko ng'ambo ya mto na kiwandani peke yake. Sehemu yake kubwa inaajiriwa nyumbani kwetu. Sisi wenye mishahara ya benki, tunaolalamika kwamba kijana hataki kazi, ndio waajiri wa mama fua, wa mlinzi, wa mkata nyasi, wa hausigeli anayeamka kabla yetu na kulala baada yetu. Amri ya mishahara inamtaja hausigeli na yaya katika kundi lilelile la kibarua wa kawaida. Hajasahaulika, hajaachwa kwa hiari ya tajiri. Kuna nyumba nyingi jijini, zenye gari mbili na mtoto katika shule ya kulipia, ambamo analipwa chini ya kima hicho, na mwenye nyumba hukuambia kwa unyenyekevu kabisa kwamba anamlea kama mwanawe, kwamba chakula anakula bure.

Basi kabla ya kuwapigia vijana mahubiri mengine, ingia jikoni kwako. Kima cha Nairobi ni shilingi 16,113.75, na marupurupu ya nyumba juu yake kama hakai kwako. Mwisho wa mwezi ndio huo unakuja.