Kagueni Nyumba Kabla ya Kufunga Mapatano



Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 14, tunasoma habari za mtu aliyealikwa karamuni akakataa kwenda, kwa sababu amenunua shamba na sasa yampasa kulitazama. Tukiisikia habari hiyo kanisani, twafikiri juu ya wito wa Mungu, na ndivyo ipasavyo. Lakini baba wa jamaa mwenye busara aweza kujiuliza neno la pili: je, mtu huyu alinunuaje shamba asilokwisha kulitazama?

Leo twataka kusema na wazazi wanaoweka akiba ya kununua nyumba, na pia na wanafunzi, ambao kesho watakuwa wazazi. Nyumba hainunuliwi kama kitambaa sokoni. Ni jasho la miaka mingi, ni chakula ambacho mama alikipunguza sahanini ili watoto wapate pa kulala. Fedha hiyo ikipotea, mara nyingi hairudi.

Huko Marekani watu wana desturi njema. Katika mapatano ya kununua nyumba hutiwa sharti la ukaguzi. Mnunuzi hutoa arbuni, yaani fedha ya kwanza ya kufunga ahadi, nayo kwa kawaida huwekwa kwa mtu wa tatu, si mkononi mwa muuzaji. Kisha hupewa siku chache, mara nyingi 7 hadi 10, amlete mkaguzi wa kutazama paa, kuta, msingi, maji na umeme. Kasoro kubwa ikionekana, aweza kuomba itengenezwe, au bei ipunguzwe, au ayaache mapatano na kurudishiwa arbuni yake. Lakini siku hizo zikipita naye amenyamaza, ulinzi wake umekwisha.

Je, sisi wa Kongo hatuna ulinzi wa namna hiyo? Tunao, ila wengi hawautumii. Sheria yetu ya mapatano, iliyoandikwa tarehe 30 Julai 1888 na inayotumika hata leo, yaruhusu watu kufanya mapatano yenye sharti: jambo fulani lisipotimia, mapatano hayana nguvu. Sheria hiyohiyo yamtaka muuzaji ajibu kwa kasoro zilizofichika. Lakini angalieni: hajibu kwa kasoro zilizo wazi, ambazo mnunuzi angaliweza kuziona mwenyewe. Tena yasema juu ya arbuni: aliyeitoa akigeuka, huipoteza, aliyeipokea akigeuka, huirudisha mara mbili.

Sasa tumfikirie baba mmoja wa Lubumbashi. Mwezi wa Agosti komisionere anampeleka kuona nyumba. Rangi ni mpya, ua umefagiwa. Komisionere amwambia, «Baba, kuna wengine wanakuja jioni, toa avansi sasa.» Baba atoa nusu ya akiba yake, kwa karatasi yenye mistari mitatu. Mwezi wa Desemba mvua yaingia sebuleni, na chini ya rangi nyufa zatokea. Akitaka kuacha, ataambiwa kwamba avansi ni arbuni, nayo imepotea. Akilalamika juu ya nyufa, ataambiwa kwamba alipaswa kuziona. Mistari mitatu ya karatasi yake haina neno la kumtetea.

Basi, mtazame nini? Kwanza, nyumba yenyewe. Nendeni na fundi mwashi mnayemlipa ninyi, asiyelipwa na muuzaji wala komisionere. Mjini Lubumbashi mvua hunyesha hasa toka Novemba hadi Machi. Anayeitazama nyumba wakati wa kiangazi aitazame kwa macho ya masika. Fundi apande darini, aone kama mbao zina madoa ya maji chini ya mabati. Achome mbao kwa ncha ya kisu, maana nchi ya Katanga ni nchi ya vichuguu, na mchwa hula ndani huku nje pakibaki pazuri. Achunguze kama matofali yamechomwa au ni mabichi, kwa kuwa tofali bichi lisilokingwa hunywa maji na kubomoka. Apime umbali kati ya kisima na choo. Nanyi waulizeni majirani: mvua kubwa ikinyesha, maji hupita wapi? Jirani hana nyumba ya kuwauzia; mara nyingi husema kweli.

Pili, hati. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Dola. Mtu hununua haki ya kuitumia pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake. Haki hiyo huthibitishwa na cheti cha kuandikishwa, ambacho watu hukiita setifika, kinachotolewa na Konservateri wa hati za viwanja. Karatasi ya komini peke yake hailingani nacho. Nendeni wenyewe ofisini, mwulize kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, na kama kimewekwa rehani kwa deni. Mpimaji ahakikishe kwamba mawe ya mipaka yapo mahali pake.

Tatu, watu. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 yataka mume na mke wapatane kabla ya kutoa haki za kiwanja. Basi mume akiuza peke yake, mke yuko wapi? Na kama nyumba ni ya marehemu, warithi wote wako wapi? Nyumba iliyouzwa na ndugu mmoja kwa siri huzaa kesi ya ndugu sita.

Kabla ya kutoa hata faranga moja, andikeni sharti lenu kwa maneno yaliyo wazi, kama hivi: «Ununuzi huu utakuwa na nguvu ikiwa tu, kabla ya tarehe fulani, fundi wa mnunuzi ameikagua nyumba bila kuona kasoro kubwa, na ofisi ya hati imethibitisha kwamba kiwanja ni cha muuzaji na hakina deni. Mojawapo lisipotimia, avansi itarudishwa yote kwa muda wa siku nane.» Muuzaji na mkewe watie sahihi, na mashahidi wa pande zote mbili. Mkiweza, mwonyesheni mtu wa sheria karatasi hiyo. Mshahara wake ni mdogo kuliko hasara ya nyumba.

Muuzaji akikataa sharti hilo kabisa, msikasirike. Amekwisha kuwaonya. Rudini nyumbani na fedha yenu.

Twasema na wauzaji pia. Kupaka rangi juu ya ufa ili mwenzako asiuone ni kuvunja amri ya saba, hata kama hakuna hakimu atakayejua. Mkristo aonyeshe ufa, ataje bei ya haki, alale usingizi.

Tena mtu asione haya kukagua, akidhani ni kumdharau mwenzake. Ibrahimu, baba yetu katika imani, alipotaka mahali pa kumzika Sara, alipewa maneno matamu na Efroni Mhiti. Hata hivyo alipima fedha, shekeli 400, mbele ya watu wa mji. Na kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, chataja shamba, pango, na miti yote iliyokuwa ndani ya mipaka. Alimheshimu Efroni, lakini hakuacha neno lolote gizani.

Nanyi, wazazi, fanyeni vivyo hivyo. Ombeni Mungu aibariki nyumba mtakayoinunua. Lakini kabla ya kumwita Padri aje kuibariki, mwiteni fundi apande darini.