Kovu la Mkononi Si Ngao ya Mapafu

Neno "chanjo" tumelibebesha ahadi ambayo haliwezi kuitimiza. Huko Mbita, kama kwingineko nchini Kenya, mtoto huchanjwa BCG anapozaliwa, na akiwa mtu mzima huliona kovu la mkono wa kushoto kama hati ya kinga ya kudumu. La hasha! Chanjo hiyo, iliyoanza kutumiwa mwaka 1921, huwakinga watoto dhidi ya aina kali za kifua kikuu, hasa ile ya utando wa ubongo. Kinga yake kwa mapafu ya mtu mzima ni haba.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni lugha. Hata hivyo, naona kiini cha tatizo ni kumbukumbu. Mwili ukichanjwa, baadhi ya chembe nyeupe za damu hubaki zikiikumbuka sura ya adui. Lakini chanjo ya ngozini huacha nyingi zikizunguka damuni, na chache mapafuni, ambako bakteria huingilia. Mwaka 2020 watafiti nchini Marekani walieleza kwamba kima waliochanjwa BCG kupitia mshipa wa damu walipata chembe hizo tele mapafuni, na 9 kati ya 10 wakakingika. Jaribio hilo lilikuwa la wanyama tu, lakini funzo lake ni wazi: kumbukumbu hufaa inapokaa mahali pa kazi. Kisuba nacho kingali vichwani mwa wazee wa Mbita na Rusinga, bali sokoni husikika Dholuo.

Aidha, Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoathiriwa zaidi na virusi vya Ukimwi, ambavyo huziangamiza chembe zizo hizo.

Mwaka 2024 yalianza majaribio makubwa ya chanjo mpya, M72, inayolenga vijana na watu wazima. Tusiyasubiri tumekunja mikono. Mvuvi aliyekohoa wiki 2 asilitazame kovu, akapimwe makohozi. Tiba ni bure katika hospitali za umma, nayo huchukua miezi 6. Lakini mvuvi huhama ufuo kufuata samaki, na dawa zikikatizwa ugonjwa hurudi ukiwa sugu. Hapana budi, basi, wahudumu wa afya wamfuate hadi ufuoni. Mwili wake hauwezi kukumbuka kila kitu, serikali isimsahau.